Anayekataa Ndiye Anayefumua

Kabla Delia Mahoney hajaingia katika kiwanda cha Hobart na Keene, hakuna aliyebisha kwamba mikono bora pale ndani ilikuwa ya Orrin Tasker. Baada ya kuja yeye watu wakaanza kubisha. Hawakubisha kwa sauti, maana sisi wa mji wa Lynn si watu wa makelele, ila walikuwa wakipita kwenye meza ya Orrin bila kusimama, wakifika kwenye meza ya Delia wanasimama. Orrin alikuwa akihesabu wanaosimama. Mwanamume wa miaka hamsini na mmoja, shemasi kanisani kwake, anahesabu migongo ya watu! Lakini ndivyo kijicho kinavyomfanya mtu, kinampa kazi isiyo na mshahara.

Kiwanda kilitengeneza dainamo za kuwashia taa. Tumboni mwa kila dainamo mna ngoma ya chuma inayozunguka, na ngoma hiyo husukwa waya wa shaba uliovishwa uzi wa pamba, mzunguko kwa mzunguko, safu juu ya safu, kisha hupakwa vanishi ikakauka. Kusuka ngoma moja kubwa kulichukua wiki mbili. Waya ukikwaruzika mahali padogo tu, shaba ikagusa chuma, basi siku dainamo itakapozungushwa utanusa moshi, na wiki mbili zako zimekwenda na upepo.

Orrin aliifanya kazi hiyo kwa miaka minane, tangu siku ambazo kiwanda kizima kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la hatamu za farasi. Kabla ya hapo alitengeneza mashine za simu za maandishi, kazi ya vidole vyepesi. Delia yeye alitoka kwenye viatu. Nusu ya mji wetu imetoka kwenye viatu, kwa hiyo hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba alikuja na nyundo yake ya mti na donge lake la nta, vitu vya kushonea ngozi, akavitumia kwenye umeme. Kila safu aliigonga polepole mpaka ikalala, na nyuzi za kufungia akazipaka nta kama anashona buti la mvuvi. Ngoma zake zikatoka nyembamba, zinazobeba waya mwingi kuliko za mtu yeyote. Siku moja bwana Keene mwenyewe, mwenye kiwanda, alishuka akaipapasa mojawapo mbele ya watu wote, akasema, "Hii imesukwa na mtu anayeipenda." Orrin alikuwa amesimama hatua tatu kutoka hapo. Kwa miaka minane bwana Keene hakuwahi kupapasa chochote chake.

Maneno hayo alikwenda nayo nyumbani. Jumamosi, mkewe Hepsy alipomwekea sahani ya maharage ya kuokwa na kipande cha mkate mweusi, Orrin alikaa akiyatazama maharage kama yamemtukana.

"Una nini wewe?" Hepsy akauliza.

"Sina kitu."

"Huna kitu, na maharage hujayagusa. Ni yule msichana wa Kiayalandi?"

"Nani kamtaja?"

"Wewe unamtaja hata usingizini, bwana Tasker. Kama ningekuwa mke mwenye wivu ningeshakupiga na mwiko." Hepsy akacheka, akajipakulia. "Kumbe mwenye wivu ni wewe. Mwache mtoto wa watu afanye kazi yake."

Kumwacha! Ingekuwa rahisi kama mzee Josiah, mkuu wa chumba cha kusuka, asingehamia jimbo la Maine kwa binti yake mwezi ule wa Oktoba mwaka 1886 na kuacha kiti wazi. Bwana Whitcomb, msimamizi wetu, mtu wa maneno machache na masharubu mengi, alisimama katikati ya chumba akatangaza. Kiwanda kimoja cha nguo cha mji wa Lowell kimeagiza dainamo kubwa. Orrin atasuka ngoma moja, Delia atasuka nyingine, ya ukubwa ule ule. Itakayokuwa bora itapanda treni kwenda Lowell, na aliyeisuka atakalia kiti cha mzee Josiah. Mwanamke kuwa mkuu wa chumba lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia, na bwana Whitcomb alilitamka kana kwamba anataja bei ya mkaa.

Orrin alikitaka kiti kile kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alikuwa amekingoja mzee Josiah alipokuwa na nguvu, akakingoja alipoanza kukohoa. Sasa kimefika, na kando yake amesimama binti wa miaka ishirini na sita mwenye nta kwenye vidole.

Hapa lazima niseme desturi ya chumba chetu, maana bila hiyo kisa hiki hakina miguu. Hakuna msukaji aliyepima ngoma yake mwenyewe. Alipima mwenzake, peke yake, katika kijichumba kilichofungwa mlango, kwa sababu kile chombo cha kupimia kina sindano nyepesi inayotikisika hata mtu akipiga chafya. Unaunganisha betri kwenye waya na kwenye chuma cha ngoma. Sindano ikitulia, ngoma ni nzima. Ikisogea, imekufa. Na neno la mpimaji halikubishiwa. Ila mzee Josiah, ambaye hakuzaliwa jana, aliongeza sharti: anayeikataa ngoma ndiye anayeifumua, kwa mikono yake, mchana, mbele ya watu, mpaka kosa lionekane. Na aliyeisuka anakaa mkabala naye akiukusanya waya kwenye gurudumu. Kwa sharti hilo wapimaji wengi walikuwa wakweli.

Ngoma zote mbili zilipokwisha kusukwa, Delia ndiye aliyeanza kupima. Aliingia na ngoma ya Orrin asubuhi ya Jumanne. Wakati wa chakula cha mchana, watu walipotoka nje na mikate yao, akamwita.

"Bwana Tasker, njoo kidogo."

Orrin akaingia. Delia akamwonyesha mwisho wa koili ya tisa, yaani fungu la tisa la waya, mahali waya unapokunjwa kwenda kwenye vipande vya shaba. Uzi wa pamba ulikuwa umepasuka, upana wa punje ya mchele.

"Sindano ilicheza kidogo," Delia akasema kwa sauti ya chini. "Hapa panafikika kwa juu, huna haja ya kufumua kitu. Weka utepe, paka vanishi, nitapima tena kesho."

"Umemwambia Whitcomb?"

"Nimwambie nini? Dakika kumi hizi. Kula kwanza."

Mtu mwingine angesema asante. Orrin aliweka utepe, akapaka vanishi, yote kwa hasira. Afadhali Delia angepiga kelele! Afadhali angeikataa ngoma mbele ya watu, Orrin apate kumchukia kwa raha zake. Badala yake alimfunika, kwa upole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi. Sasa Delia alikuwa amemzidi kwa mikono na amemzidi kwa moyo pia, na hilo la pili ndilo lililomkera mpaka akashindwa kulala. Jumatano Delia alipima tena, sindano ikatulia, akaweka sahihi yake kwenye kibandiko.

Alhamisi ikawa zamu ya Orrin.

Alifunga mlango. Akaunganisha betri kwenye ngoma ya Delia. Sindano ikatulia. Akabadilisha ncha, ikatulia. Akaipasha ngoma moto kidogo kwa taa, maana kuna makosa yanayojificha kwenye baridi, akapima mara ya tatu. Sindano haikujali. Akaketi kwenye kigoda akiitazama ngoma ile nyembamba, iliyofungwa kwa nyuzi za nta zilizopangana bila pengo, akajua kwamba ni kazi bora kuliko yoyote aliyowahi kuifanya, na bora kuliko yoyote atakayoifanya. Alijua hilo vizuri kabisa. Kama angekuwa mjinga wa kazi, wivu usingemuuma hivyo.

Akafungua mlango.

"Imekufa," akasema.

Delia akaweka nyundo yake chini.

"Imekufa wapi?"

"Ndani. Safu za chini."

"Umepima mara ngapi?"

"Mara tatu."

Bwana Whitcomb akaja, akamtazama Orrin, akachezea masharubu. Treni ya Lowell ilikuwa Jumamosi. Ngoma iliyofumuliwa Ijumaa haisukwi tena kwa usiku mmoja. Kila mtu mle ndani aliweza kupiga hesabu hiyo, na Orrin alikuwa ameipiga wa kwanza.

"Haya," Whitcomb akasema. "Kesho asubuhi utafumua."

Najua unachojiuliza. Hakufikiria kwamba atafumua mpaka chini asikute kitu? Alifikiria. Alijiambia kwamba kwenye waya mrefu hivyo lazima patakuwa na doa mahali, hakuna binadamu asiyekosea. Alimhukumu Delia kwa kosa ambalo alikuwa na hakika litajitokeza lenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ukiwa juu yake huoni mwisho wake.

Ijumaa saa moja asubuhi ngoma ikawekwa juu ya vigingi viwili katikati ya chumba. Orrin upande huu, Delia upande ule na gurudumu la mti mapajani. Orrin akailainisha vanishi kwa taa ya spiriti, akakata nyuzi za nta, akaanza. Waya ukatoka kwake ukaenda kwa Delia, na Delia akaupitisha katikati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuuzungusha kwenye gurudumu, asiuache hata inchi moja. Walikaa hivyo wakiwa wamefungwa kwa waya mmoja, na watu wakipita.

"Mzee Tasker, umekuta nini?" akauliza Lafe Pruitt, mfua shaba, ambaye hakuna msiba asiotafuta kichekesho ndani yake.

"Bado."

"Ukikuta pete ya shangazi yangu niambie, iliibiwa mwaka jana."

Watu wakacheka. Orrin hakucheka. Koili ya kwanza ikaisha, safi. Ya pili, safi. Na kadiri alivyofumua ndivyo alivyoona namna ilivyosukwa, na hilo hakuwa amelitarajia. Kwenye kila kona Delia alikuwa ameweka kipande cha kitambaa laini kilichokatwa mshazari, ili waya usilalie ukingo wa chuma. Hakuna aliyemfundisha. Kitambaa kikikatwa mshazari hujikunja bila kufanya makunyanzi, washona viatu wote wanajua, na wasukaji wote wa dainamo hatukujua. Orrin alikuwa akipigana na makunyanzi kwenye kona kwa miaka minane.

"Hiki umekitoa wapi?" likamtoka swali kabla hajajizuia.

"Bitana za viatu vya kike," Delia akajibu bila kuinua macho. "Fumua, bwana Tasker."

Ikafika saa sita, koili kumi na nne zimetoka. Hakuna hata mmoja aliyetoka nje kula. Walikula wamesimama, chaza na biskuti ngumu, wakitazama. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Hata Lafe alinyamaza, na Lafe akinyamaza ujue kuna jambo. Walikuwa wameanza kuelewa, na Orrin alisikia kuelewa kwao mgongoni mwake. Jasho lilimtoka kwenye chumba chenye baridi ya Novemba. Koili kumi na nane. Ishirini. Ngoma nzima ilikuwa na ishirini na nne.

Kwenye koili ya ishirini na tatu, mkono wake wa kushoto ukiwa chini ya ngoma mahali ambapo hakuna anayeona, Orrin aligeuza kidole gumba na kuukwangua waya kwa ukucha. Mara mbili. Uzi wa pamba ukaachia. Haikuchukua muda wa kuvuta pumzi. Kisha akaendelea kufumua, na ule waya ukasogea mbele, ukajitokeza kwenye mwanga, ukaenda kwa Delia.

Vidole vya Delia vikasimama.

Akainamisha kichwa. Orrin aliona alichokiona Delia, maana alikuwa akikitazama pia. Kosa la zamani huwa na rangi. Vanishi hunywewa ndani yake, uzi huwa mweusi na mgumu, shaba huwa kahawia. Hapa uzi ulikuwa mweupe, umefumka manyoya, na shaba iling'aa kama jino. Msukaji hata wa wiki moja angejua kwamba jeraha lile halijafikisha dakika moja. Na Orrin, mkono bora wa kiwanda, alisahau jambo hilo kwa sababu ya hofu.

Delia akainua macho akamtazama. Hakuwa na hasira usoni, au kama alikuwa nayo, Orrin hakuiona. Kisha akauzungusha waya kwenye gurudumu, na kidole chake cha shahada akakiacha juu ya mahali pale.

"Endelea," akasema.

Orrin akaifumua ya ishirini na nne. Ilipokwisha, pale juu ya vigingi palibaki chuma kitupu na kitambaa chake cheupe, bila doa. Bwana Whitcomb akaja akasimama.

"Tasker. Liko wapi?"

Orrin akakiinamia kile chuma kitupu.

"Mahoney, waya umepita kwenye vidole vyako wote. Umepata kitu?"

Delia akashusha pumzi, akafungua kinywa.

Na hapo Orrin akajua atakachokisema. Alijua kama anavyojua jina lake. Atasema ndiyo, nimepata, kosa ni langu. Atamfunika tena, kama Jumanne, kwa sauti ile ile ya chini. Atakitoa kiti cha mzee Josiah kama mtu anayempisha mzee njiani, na Orrin atakikalia miaka yote iliyobaki akijua kwamba alipewa na yeye, na yeye atakuwa akipita na nta yake kwenye vidole, mwema, mwema mno. Hapana! Mikono amemzidi, kwenye kona za ngoma amemzidi, lakini hili la wema Orrin hamwachii. Wivu ukampanda kooni ukawa sauti.

"Nimedanganya," Orrin akasema.

Watu wakageuka.

"Ngoma ilikuwa nzima. Sindano haikusogea mara zote tatu. Na huko kwenye ishirini na tatu mtakuta mkwaruzo, nimeukwangua mimi sasa hivi kwa ukucha. Tazameni." Akainua kidole gumba. Uzi mweupe wa pamba ulikuwa bado umenasa chini ya ukucha.

Mahali fulani nyuma mtu aliangusha spana, wala hakuiokota. Orrin alisimama wima kuliko alivyosimama mwezi mzima. Kifua kilikuwa chepesi, na kwa aibu yake, alijisikia ameshinda. Alimtazama Delia aone atakavyopokea.

Bwana Whitcomb hakuwa mtu wa hotuba. Alisema kwamba kuanzia siku hiyo Tasker hatagusa tena chombo cha kupimia, na kwamba kusuka atasuka kama atapenda kubaki, kwenye meza ya mwisho karibu na mlango. Ngoma ya Orrin ndiyo itakayokwenda Lowell, kwa sababu ndiyo pekee iliyopo. Kiti ni cha Mahoney. Jumatatu aanze. Akaondoka, na watu wakarudi kwenye meza zao polepole, wakipita upande wa pili wa chumba ili wasimkaribie Orrin.

Wawili hao wakabaki kwenye vigingi, chuma kitupu katikati yao. Delia alikuwa akifunga ncha ya waya kwenye gurudumu.

"Sikutaka unifunike mara ya pili," Orrin akasema. "Nilijua ulichotaka kusema. Nikaona bora niseme mimi."

Delia akasimamisha mikono.

"Nilitaka kusema nini?"

"Kwamba kosa ni lako."

Delia akamtazama kama anamwona kwa mara ya kwanza, kisha akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Kosa langu? Wiki mbili nimeinamia chuma hiki mpaka mgongo umekuwa upinde. Nina mama mgonjwa na wadogo zangu watatu nyumbani. Bwana Tasker, nilikuwa nataka kusema umeukwangua wewe, na nilikuwa nimeushika waya tayari niwaonyeshe."

Orrin akautazama uzi uliokuwa bado chini ya ukucha wake.

"Na Jumanne?" akauliza. "Kwa nini Jumanne ulinifunika?"

"Sikukufunika. Kilikuwa kitu cha dakika kumi." Akaliinua gurudumu begani, zito kwa shaba, akaanza kwenda nalo ghalani. "Ningemfanyia hivyo hata Lafe."